Jiko la Vipande

Jumatatu, 17 Machi 2008

Daftari hili nimepewa na muuza rangi aliyepita karakana kutafuta oda. Lina jina la kampuni yake juu ya kila ukurasa, na kurasa za miezi miwili na nusu ya kwanza zimebaki tupu. Afadhali. Januari na vurugu zake za baada ya kura sina hamu ya kuikumbuka. Naanza leo kwa sababu leo Mzee Pritam amekubali.

Niandike vizuri nisije nikajidanganya baadaye. Mimi ni Micah Khaemba, fundi wa mabati katika karakana ya Pritam Singh, Nakuru. Kwa miaka tisa nimetengeneza mageti, gata za maji ya mvua, na majiko ya makaa. Jiko la makaa ni bati nje na bakuli la udongo ndani. Bakuli likipasuka, watu hulitupa jiko lote, au hulipaka simiti isiyomaliza mwezi. Nyuma ya karakana kuna lundo la majiko yaliyoletwa kuuzwa kama chuma chakavu, na mimi nimelitazama lundo hilo miaka tisa. Bati zima! Miguu mizima! Kilichokufa ni udongo, tena upande mmoja tu.

Basi jiko langu lina bakuli la vipande vitatu vya udongo, pete ya chuma ya kuvishika juu, na miguu ya kufungwa kwa bolti. Kipande kikipasuka, unabadilisha kipande.

Mzee alilizungusha jiko mikononi mpaka nikaanza kutokwa na jasho.

"Khaemba, hii jiko iko na maneno mingi," alisema. "Lakini sawa. Fanya hamsini. Ni hii msimu ya mvua tu. Mwisho ya June tukiona watu hawataki, hiyo mashini ya kupinda bati inarudi kwa gata. Na wewe unarudi kwa mageti."

Nilisema sawa. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la karakana linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Ijumaa, 28 Machi

Nimelijaribu jiko mara ishirini na moja. Sufuria ya lita mbili, kifuniko, saa mkononi. Maji yanachemka dakika kumi na nne, wakati jiko la zamani linachukua kumi na saba. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi na kuibandika ukutani ili wenzangu wanaonicheka waisome.

Jepkorir, mama mwenye kibanda cha chakula hapo getini petu, alisimama mlangoni akatazama.

"Unapika nini kila siku, Khaemba?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Ndiyo kipimo, mathe."

Akaenda zake akicheka. Huyu mama anacheka kila kitu, sikumjali.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo niliyapeleka majiko sokoni mwenyewe. Ndani ya kila jiko nilikuwa nimeweka kipande kimoja cha akiba, bure, na nilijiona mwerevu sana. Mama wa kwanza akakitoa akakigeuza.

"Na hii ni ya nini?"

"Ni ya akiba, mathe. Kimoja kikivunjika."

"Kwani itavunjika?"

"Si lazima, lakini kikivunjika..."

"Boss, unaniuzia kitu na ugonjwa yake?" Akalirudisha jiko chini taratibu, kana kwamba linaambukiza.

Wa pili vilevile. Wa tatu akauliza kwa nini lina bolti nyingi, kama limeshawahi kurekebishwa. Saa sita nikavitoa vipande vyote vya akiba nikavificha ndani ya gunia. Kabla ya saa kumi nilikuwa nimeuza tisa. Nimefurahi, lakini si furaha ninayoipenda.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemuuzia Rahab. Yeye alikuwa na hoteli yake ndogo upande wa Molo, sasa anaishi kwenye hema za uwanja wa maonyesho tangu mwaka uanze, na anapikia watu wa hema za jirani. Alilifungua jiko lote, akalifunga tena, bila mimi kumwonyesha. "Hii naeza kunja nibebe," alisema. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilimshukuru, na nikampelekea Trizah, mke wangu, salamu zake.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani. Mvua. Nimempa Trizah jiko namba moja kabisa, lile nililotengeneza kwa mkono. Alisema, "Asante, Baba Travis," akaliweka mahali pazuri.

Ijumaa, 18 Aprili

Thelathini na nne yameuzwa. Mzee amepita mara mbili bila kusema neno, na Mzee akinyamaza ameridhika.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijui nianzie wapi. Kulikuwa kunanyesha tangu asubuhi. Saa tatu Rahab alifika na jiko lake kwenye gunia. Alikuja kwa upole, hakupiga kelele. Pete imekwenda upande, vipande viwili vimepasuka katikati. Nikamwambia labda liliangushwa. Nilikuwa bado natafuta maneno mengine ya kijinga, akaingia wa pili. Halafu wanne kwa pamoja, wamejifunika nailoni. Kufikia saa saba majiko kumi na moja yalikuwa yamepangwa kwenye sakafu ya karakana, yote yana ugonjwa mmoja: pete imezunguka, vipande vimesukumana, vimevunjika.

Mzee Pritam alitoka ofisini. Hakunigombeza mbele ya wateja. Aliwaambia wote warudi Jumatatu, kila mtu atashughulikiwa, halafu akaniita pembeni.

"Wewe ulinionyesha karatasi. Dakika kumi na nne."

"Ndiyo, Mzee."

"Hawa watu walikuja hapa kuniambia dakika?"

Nilitazama majiko yaliyopangwa sakafuni.

"Nilisema mwisho ya June. Mimi sitarudisha maneno yangu. Lakini hiyo ingine kumi na sita usiuze mpaka ujue iko na shida gani."

Jepkorir alikuwa amesikia yote, maana getini petu hakuna siri. Alikuja akachuchumaa mbele ya jiko la Rahab, akashika pete, akaizungusha. Inacheza.

"Khaemba, hii jiko yako inacheza kama jino ya mtoto. Ulipika ugali nayo?"

Nilimwambia nilichemsha maji. Mara ishirini na moja.

Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Nilifika nyumbani nimelowa. Trizah alikuwa anapika. Nilisimama mlangoni muda kidogo kabla ya kugundua kwamba anapikia jiko la zamani, lile lenye simiti. Nikamuuliza langu liko wapi. Nikauliza tena. Akainama akalivuta kutoka chini ya kitanda, limefunikwa kwa kanga, safi, pete imekwenda upande.

"Tangu lini?"

"Siku ya pili."

"Wiki mbili, Trizah! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimwambia mke anayemtakia mumewe mema angesema. Alisubiri nimalize, kisha akasema polepole, "Ulikuwa umefurahi. Tangu Desemba sijawahi kukuona umefurahi. Nikasema acha nipikie hii ya zamani, haina shida."

Hasira ilinitoka yote, sikujua ilikoenda. Nilikaa kwenye kiti na nguo zangu zilizolowa. Huyu mwanamke amevumilia moshi wa jiko bovu wiki mbili ili mimi niendelee kutembea kifua mbele. Na mimi ninayejiita mtu wa kumfikiria mteja sikumuuliza hata mteja anayelala nami kitanda kimoja.

Jumapili, 27 Aprili

Hatukwenda kanisani. Nilimwambia Trizah anifundishe kusonga ugali kwenye jiko langu. Alidhani natania. Kwetu Bungoma mwanamume akionekana jikoni ameshika mwiko, jamaa zake wataitisha mkutano. Kwa hiyo tulifunga mlango na kuvuta pazia, kama watu wanaoficha kitu cha wizi.

Miaka thelathini na sita nimekula ugali. Sikujua ni kazi ya namna hii. Maji yakichemka na unga ukiingia ni mchezo tu. Shida inaanza ukishika. Trizah alinionyesha: mkono wa kushoto unashika ukingo wa sufuria kwa kitambaa, wa kulia unakandamiza mwiko na kuzungusha, na mwili wote uko nyuma yake. Nikakandamiza, nikazungusha. Sufuria ikataka kuzunguka na mwiko. Sufuria imekaa juu ya pete, basi pete nayo ikazunguka. Pete ikavisukuma vipande. Nikasikia *tak*.

Ndiyo hiyo. Maji hayakandamizi. Maji hayazungushi. Mtu yeyote aliyewahi kupikia watu ugali angejua, na mji mzima wa watu hao ulikuwa ukinipita kila siku nikiangalia saa.

Ugali wangu ulikuwa na madonge. Trizah aliula wote bila kulalamika. Namshukuru Mungu kwa huyu mtu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemweleza Mzee. Alifikiri, akauliza, "Nani anakandamiza zaidi, wewe ama bibi yako?" Nikasema bibi yangu. "Basi yeye ndiye mashini ya kupima," akasema, akarudi ofisini.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeitoa pete kabisa. Sasa sufuria inakalia vishikio vitatu vilivyofungwa kwenye bati la nje, na havigusi udongo. Vipande vyenyewe nimevichonga vyembamba chini, vipana juu, vinaingia kwenye bati bila kufungwa na kitu. Ukikandamiza vinabanana zaidi. Vichwa vya bolti vimeingia ndani, havionekani.

Leo badala ya saa nilileta watu. Trizah alikuja na unga. Jepkorir alifunga kibanda mapema. Rahab alikuja na maharagwe na mahindi makavu, akasema ugali ni wa nusu saa, yeye anataka kuona udongo utafanya nini githeri ikikaa saa tatu. Jepkorir na Rahab hawakusalimiana. Sikushangaa. Mwaka huu watu wengi hapa hawasalimiani na hakuna anayeuliza sababu.

Trizah alisonga ugali wa kwetu, mgumu, wa kukatwa kwa uzi. Jiko halikutikisika. Jepkorir akasonga wake. Rahab akatazama akashindwa kujizuia.

"Wewe mama, hiyo ni ugali ama ni uji imechoka?"

Jepkorir akasema, "Na hiyo githeri yako itaiva kabla turudi kura ingine?"

Trizah ndiye aliyeanza kucheka. Baadaye wote walikuwa wanacheka mpaka Rahab akafuta macho kwa nguo. Walikula pamoja kutoka sufuria zote. Mimi sikutengeneza jiko kwa ajili ya hilo na wala sijidai, lakini nilishukuru kuwa pale.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Udongo haukauki.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Tumechoma vipande arobaini vikiwa bado na unyevu ndani, vimepasuka thelathini na moja. Fundi wa tanuri kule Njoro anasema nisimletee tena vitu vilivyolowa.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Mzee ameamuru mashini ya kupinda bati ipakwe grisi na kupimwa kwa ajili ya gata. "Ni kupima tu," alisema. Nilijua si kupima tu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekosea juu ya watu wawili zaidi. Nilikuwa nimevipanga vipande vibichi chini ya paa linalovuja, nahamisha hiki na kile kama mtu anayekimbiza kuku, Mama Rupinder alipoingia. Ni mke wa Mzee, na kwa miaka tisa nimemjua kama mtu wa kuteremka garini, kumpa Mzee chakula chake na kuondoka. Akauliza hii ni nini. Nikamweleza.

"Na ndani ya nyumba yangu haiwezi kauka?"

Nilidhani ni utani. Kabla ya saa nane tulikuwa nyumbani kwao, tunatoa viti vya sebuleni. Alitandika magazeti sakafuni mwenyewe, akawasha hita, akasema mtu yeyote akanyage kipande kimoja ataona. Vipande mia moja na ishirini! Mzee aliporudi jioni alisimama mlangoni na soksi zake, akatafuta pa kuweka mguu, hakupata.

"Rupinder, mimi nakaa wapi?"

"Kwa jikoni," akamjibu. "Wewe pia jifunze."

Mzee alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Halafu akaenda jikoni. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu baridi.

Jumamosi, 31 Mei

Vimechomwa vyote, vimepasuka vitatu tu. Mvua imepungua. Wiki nzima nimezunguka kwa miguu nyumba kwa nyumba, nikibadilisha majiko yote thelathini na nne na lile la Trizah, hata ya wale ambao hawakulalamika. Wengine walikuwa wametupa lao tayari. Wengine walinipa chai. Kila mmoja nilimwomba asonge nikiwa nimesimama hapo.

Jumatatu, 9 Juni

Jepkorir sasa ndiye anayeuza kuliko mimi. Mteja akiuliza kwa nini jiko ni la vipande, anamshika shati. "Kifungo ya shati ikitoka, unatupa shati?" Mteja anacheka, ananunua. Mimi nilipokuwa naeleza, nilikuwa naeleza udongo. Yeye anaeleza shati.

Jumamosi, 14 Juni

Rahab amerudi kwao. Alikuja kuaga asubuhi, jiko limekunjwa ndani ya beseni pamoja na vikombe. Jepkorir alimpa unga kilo mbili. Walishikana mikono muda mrefu. Sijui huko anakokwenda atakuta nini, naye hakujifanya anajua. Nimemwombea.

Ijumaa, 20 Juni

Hamsini yamekwisha, tumetengeneza mengine thelathini. Hakuna lililorudishwa. Nilimwambia Mzee kwa fahari, akatingisha kichwa.

"Jiko ni mzuri. Nasema ukweli. Lakini ile kipande hakuna mtu amekuja kununua, hata mmoja. Sasa kwa nini tusumbuke na vipande? Tufanye bakuli nzima, na hizo vishikio zako, kazi iwe nusu. Watu wakitupa, watupe."

Hiyo ilinichoma kuliko majiko kumi na moja. Kwa sababu ana haki. Jiko lisilotikisika mtu yeyote anaweza kutengeneza. Kama hakuna atakayekuja kutafuta kipande, basi lundo la nyuma litarudi palepale, ila safari hii litakuwa na vishikio vizuri.

Jumatano, 25 Juni

Naomba mambo mawili yasiyopatana: kwamba majiko yangu yasivunjike, na kwamba moja livunjike. Trizah anasema Mungu atachanganyikiwa.

Jumapili, 29 Juni

Jua. Kesho ndiyo mwisho wa Juni. Nimemshukuru Trizah mezani, mbele ya mtoto, kwa msimu wote. Kwetu haisemwi hivyo waziwazi, na nilisema vibaya, nikarudia neno mojamoja. Aliniongezea mboga.

Jumatatu, 30 Juni

Saa nne asubuhi nilikuwa naikagua mashini, Mzee amesimama na vipimo vya gata mkononi. Aliingia mwanamke mrefu, viatu vina vumbi, ameshika mfuko wa nailoni. Alikuwa amekasirika kabla hajafika katikati ya karakana.

"Nani mwenye hii majiko ya vipande?"

Mzee akaweka vipimo chini. "Ni sisi, mama. Iko na shida gani?"

"Shida ni nyinyi kukaa mbali! Mimi naitwa Anyango, natoka Kamere, huko Naivasha. Nakaanga samaki. Jiko nililetewa na dada yangu. Juzi mtu amenimwagia maji kwa moto, kipande moja imepasuka." Akaingiza mkono kwenye mfuko akatoa kipande, nusu mbili, akaziweka juu ya meza ya Mzee. "Nataka ingine."

Mzee alitazama nyuma ya Anyango, mlangoni. "Na jiko iko wapi?"

"Iko nyumbani." Alituangalia kama watu ambao hawana akili. "Kwani nibebe jiko yote ya nini?"

Sikuthubutu kumtazama Mzee. Nilikimbilia stoo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hatuna. Vipande vyote vya umbo jipya tulivyochoma vilikuwa ndani ya majiko. Nilirudi mikono mitupu nikaanza kueleza habari ya tanuri, siku tatu, nne, na Anyango akaanza kuvuta pumzi ya kunipigia kelele.

Mzee Pritam alinyanyua jiko jipya kutoka rafuni, limekamilika, limepakwa rangi. Alilikalisha mezani, akaingiza vidole vyake ndani, akanyanyua kipande kimoja. Kilitoka bila kupigwa, bila spana. Alikigeuza, akapuliza vumbi, akakifunga mwenyewe kwa gazeti.

"Pole kwa safari, mama," alisema. "Wiki ijayo tutaleta vipande Kamere."

Jiko lile lilibaki mezani na pengo. Mzee alilitazama, akaokota vipimo vya gata, akanipa mimi.

"Rudisha hizi kwa stoo," alisema. "Halafu fanya vipande. Vipande peke yake. Rafu nzima."

Nilimsindikiza Anyango mpaka barabarani nikimwambia asante. Nilisema asante mara tatu au nne, nikampa mkono, nikampa tena. Aliurudisha wake nyuma polepole, akaushika mfuko vizuri.

"Boss," akauliza, "uko sawa?"

Nilimwambia niko sawa kabisa.